Mirathi bila kipimo ni ugomvi: Vijana wetu wasome upimaji wa ardhi



Tunapozungumzia elimu ya vijana wetu, mara nyingi tunawataja madaktari, wanasheria na walimu. Leo naomba nizungumzie fani ambayo ni nadra kuisikia ikitajwa misikitini au katika semina zetu za wanafunzi, nayo ni upimaji wa ardhi, ambao vyuo vikuu siku hizi huuita jiomatiki. Nimeisomea fani hii na ndiyo inayonilisha. Hata hivyo sikushika kalamu ili kuisifia kazi yangu. Kilichonifanya niandike ni msiba uliotokea kwetu Mwika.

Baba yangu mdogo alifariki akaacha mjane, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Wazazi wake walikwishatangulia. Baada ya kulipwa madeni yake, mali iliyobaki ilikuwa kihamba. Anayeijua Uchagani anaelewa kwamba kihamba si shamba tu. Hapo hapo pana nyumba, migomba, kahawa, majani ya ng'ombe na makaburi ya wazee. Na kwa mila yetu kihamba ni cha mtoto wa kiume.

Katika kikao cha familia mzee mmoja wa ukoo alisimama akasema mabinti wamekwisha kuolewa, kwa hiyo wasihesabiwe. Sheikh akamjibu kwa upole kwamba mafungu hayo hakuyapanga yeye wala ukoo, yamepangwa na Allah (s.w.) katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Mjane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, anapata thumuni, yaani moja ya nane. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume fungu la wanawake wawili. Mzee akanyamaza. Kazi ya sheikh ilichukua dakika kumi, na wote tukasema Alhamdulillah.

Ndipo mdogo wangu mmoja, mtoto wa marehemu, akauliza: "Sawa sheikh. Sasa hiyo moja ya nane inaanzia mgomba upi?"

Hakuna aliyejibu. Watu wakageuka kunitazama mimi.

Hesabu za kihamba kile

Naomba msomaji unifuate kidogo, maana hapa ndipo penye somo. Kwa wepesi tukichukulie kihamba kuwa mstatili: upana mita 40, urefu mita 80 kutoka barabarani kushuka korongoni. Eneo lake ni mita za mraba 3,200. Thumuni ya mama ni mita za mraba 400. Zinabaki 2,800. Vijana wawili wanahesabiwa mafungu manne, mabinti mafungu matatu, jumla saba. 2,800 ukigawa kwa saba unapata 400. Basi kila kijana ana 800, kila binti ana 400, na mama 400. Hesabu imekaa sawa kabisa.

Lakini karatasi ni tambarare, na Mwika ni mteremko. Wazee walipendekeza tuvute kamba kutoka juu kwenda chini, na kila mita 10 tupige kigingi. Nikawaomba wasubiri. Sheria ya kwanza anayofundishwa mwanafunzi wa upimaji ni kwamba eneo la ardhi hupimwa kimlalo, kana kwamba unalitazama kutoka juu angani, wala hufuati mgongo wa kilima. Nusu ya juu ya kihamba kile ni karibu tambarare. Nusu ya chini inateremka kwa takriban digrii 20. Ukivuta utepe mita 10 juu ya mteremko huo, kimlalo umepata mita 9.4 tu. Kwa upana wa mita 40, mwenye fungu la chini anapewa mita za mraba 376 badala ya 400. Amepunjwa mita 24 za mraba, ukubwa wa vyumba viwili vya kulala, na hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Na unadhani mafungu ya chini walikuwa wamepangiwa nani? Mabinti.

Mtume (s.a.w.) ametuonya vikali juu ya anayechukua hata shubiri moja ya ardhi isiyo yake. Hadithi hiyo tunaisoma sana. Je, tunao watu wangapi wanaojua kuipima hiyo shubiri?

Pili, mafungu kulingana kwa ukubwa si kulingana kwa thamani. Ukikata vipande kukingama mteremko, wa juu anapata barabara na wa chini anapata korongo. Ukikata kwa urefu ili kila mtu aguse barabara, kila thumuni inakuwa ukanda wa mita 5 kwa 80, ambao haujengeki nyumba. Hapo mpimaji peke yake hatoshi. Anahitajika mthamini, na zaidi ya yote inahitajika sulhu ya warithi wenyewe. Familia yetu ilikubaliana mama abaki na nyumba na eneo linaloizunguka, na mabinti wawili wakawauzia kaka zao haki yao kwa bei iliyoandikwa mbele ya mashahidi. Binti wa tatu alikataa kuuza. Alipooneshwa vigingi vyake vinne alisimama katikati akasema: "Siku zote naambiwa fungu langu lipo. Leo ndiyo mara ya kwanza nimesimama juu yake."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Haki ambayo mwenyewe hawezi kusimama juu yake ni rahisi kumpotea.

Kipimo kimeanzia wapi?

Tatizo jingine tulilipata kwa jirani. Yeye alisema mpaka ni mstari wa masale, mmea ambao Wachaga wamekuwa wakiutumia kuweka mipaka tangu enzi za mababu. Sisi tulisema mpaka ni mfongo, yaani mfereji wa maji wa asili. Masale huchipua na kusogea, na mfongo hula kingo zake. Kila upande ulikuwa na ukweli wake, ila kila mmoja alianzia alama tofauti.

Jambo hili linawakuta hata wataalamu. Vitabu na kibao kilichopo kileleni vinasema Kilimanjaro una mita 5,895, kipimo cha mwaka 1952. Mwaka 1999, wakati mimi ni mwanafunzi, wataalamu wa chuo chetu kwa kushirikiana na Wajerumani waliupima kwa mitambo ya GPS inayopokea ishara za satelaiti, wakapata mita 5,892.55. Mwaka 2008 ukapimwa tena, ikapatikana takriban mita 5,891. Je, mlima unafupika? Maelezo makubwa yako kwenye njia ya kupima na mahali pa kuanzia. Tunasema urefu "kutoka usawa wa bahari", lakini chini ya mlima hakuna bahari. Huo usawa lazima ukokotolewe, na ukiukokotoa kwa namna nyingine, jibu nalo linabadilika. Kwa hiyo mpimaji mwaminifu hakupi namba tu, anakwambia pia ameanzia wapi na anaweza kuwa amekosea kwa kiasi gani.

Elimu hii ilikuwa yetu

Wapo watakaodhani haya ni mambo ya Wazungu. Al-Khwarizmi wa Baghdad, aliyeishi karne ya 9, katika kitabu chake cha aljebra aliweka mlango wa kupima maeneo na sehemu ndefu ya hesabu za mirathi. Yaani vitu viwili vilivyotukwamisha Mwika, yeye aliviweka ndani ya jalada moja. Al-Biruni, katika karne ya 11, alikokotoa ukubwa wa dunia kwa kupima urefu wa mlima na pembe ya upeo wa macho kutoka kileleni. Aliandika pia kitabu kizima juu ya kupata mahali miji ilipo, na mojawapo ya makusudio yake yalikuwa kuupatia mji wa Ghazna kibla sahihi.

Tukitaja kibla, tujiulize: kutoka hapa kwetu kiko wapi? Wengi tumezoea kusema kaskazini. Kwa hesabu ya duara la dunia, kibla cha Dar es Salaam ni kama digrii 1 tu mashariki ya kaskazini, kwa hiyo mazoea yanatosha. Mwika ni kama digrii 5. Lakini Kigoma ni kama digrii 20, na hapo mazoea hayatoshi tena. Sisemi kwamba swala za wazee wetu hazikusihi, hilo ni la wanachuoni. Nasema anayejenga msikiti mpya leo hana udhuru. Na kama hana mpimaji, asubiri tarehe 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, au tarehe 16 Julai saa 6 na dakika 27 mchana, kwa saa zetu. Nyakati hizo jua huwa juu ya Al-Kaaba. Asimamishe fimbo wima. Mstari wa kutoka ncha ya kivuli kuja kwenye fimbo ndio kibla, mawingu ya mlimani yasipozuia.

Anayetaka kusoma afanye nini?

Hapa nchini mafunzo haya yana historia ndefu. Kituo cha kufundisha wapimaji kilianzishwa mwaka 1956, kikakua kuwa Chuo cha Ardhi, mwaka 1996 kikawa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu Ardhi kinachojitegemea. Shahada ya jiomatiki ni miaka minne. Mwanafunzi anasoma hisabati kwa wingi, upimaji wa viwanja na wa uhandisi, jiodesia ambayo ni elimu ya umbo la dunia, picha za anga na za satelaiti, uchoraji wa ramani, mifumo ya kompyuta ya kutunza taarifa za ardhi, na sheria za ardhi. Likizo nyingi si likizo: ni kambi, jua, matope na kubeba miguu mitatu ya mtambo begani.

Mlango wa kuingilia ni Hisabati. Michepuo ya PCM na PGM ndiyo njia iliyonyooka. Kwa hiyo uamuzi hasa haufanyiki kidato cha sita. Unafanyika kidato cha pili, pale mtoto anaposema "hisabati siiwezi" na mzazi akamwachia. Nawaomba wazazi wasiwaachie, na hasa wasiwaachie mabinti. Kwa ambaye hakupata alama za chuo kikuu, Chuo cha Ardhi Morogoro kinatoa cheti na stashahada, na wengi wamepandia hapo hadi shahada.

Nimalizie kwa tahadhari. Vigingi nilivyopiga kwetu vilisuluhisha familia, lakini havikuwa upimaji rasmi. Ramani inayotambulika ni ile iliyoandaliwa kwa taratibu za serikali chini ya mpimaji aliyesajiliwa, na kuidhinishwa na mamlaka ya upimaji na ramani. Kwa ardhi ya kijiji, Sheria Na. 5 ya mwaka 1999 imeweka hati ya hakimiliki ya kimila, na sheria hiyo hiyo imebatilisha mila zinazomnyima mwanamke haki ya ardhi. Familia isiishie kwenye vigingi, ifuatilie karatasi.

Na misikiti je? Naujua msikiti mmoja, sitautaja, ambao ulipewa eneo la waqfu na mzee aliyetoa kwa mdomo. Mzee amefariki, aliyekuwa shahidi wake naye amefariki, na ukuta wa jirani umesogea mara mbili. Kamati ya msikiti inaomba dua na kulalamika. Dua ni silaha, lakini Allah (s.w.) ametuamrisha katika Suratul Baqara, aya ya 282, kuandika hata deni. Sembuse ardhi iliyotolewa kwa ajili Yake?

Basi kila kamati ya msikiti ijiulize leo: waqfu wetu umepimwa? Ramani iko wapi, na imeandikwa jina la nani? Kama jibu ni "tunamtafuta mpimaji", tuangalie pia darasani kwetu. Huenda yumo mtoto mmoja wa kidato cha pili anayeipenda hisabati, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hesabu zake zinaweza kurudisha haki ya yatima.

Wabillahi tawfiq.