SOMO: JIONI YA SIMULIZI ZA KWELI KATIKA JAMII



Katika somo la robo hii tunaangalia njia moja ya kuwasaidia watu wanaoishi pamoja wafahamiane na kuelewana, yaani jioni ya simulizi za kweli. Njia hii haihitaji bajeti kubwa. Inahitaji mahali pa kukaa, taa, chai na watu walio tayari kusikiliza. Hata hivyo ina masharti yake, na masharti hayo yakipuuzwa inaweza kuleta madhara badala ya faida. Tunashauri kamati isome somo hili kwa pamoja na kujadili maswali yaliyo mwishoni.

1. Jioni ya simulizi ni nini?

Wengi wetu tumekua tukisikia "Paukwa!" na kuitikia "Pakawa!" Bibi na babu walitufundisha kwa hadithi za sungura na fisi. Hadithi zile zilikuwa za kubuni. Katika jioni tunayoizungumzia hapa, msimuliaji anaeleza jambo la kweli lililompata yeye mwenyewe. Hasimulii habari za jirani, hatoi hotuba wala hahubiri. Anaeleza kilichotokea, alivyojisikia, alichoamua na kilichofuata.

Aidha, simulizi hii si sawa na ushuhuda tunaouzoea kanisani. Ushuhuda kwa kawaida huishia kwenye ushindi na shukrani. Simulizi inaweza kuishia mahali ambapo mtu bado hajapata jibu, na wasikilizaji wakubali hivyo.

Mfano unaojulikana sana ni wa Marekani. Mwaka 1997 mwandishi wa riwaya George Dawes Green aliwaalika watu nyumbani kwake New York ili wasimuliane habari za maisha yao. Alikuwa akikumbuka jioni za kiangazi kwao Georgia, watu walipokaa barazani kusimuliana huku wadudu wa usiku wakiifuata taa. Ndiyo sababu kikundi chake kiliitwa The Moth, yaani nondo, yule mdudu anayevutwa na mwanga. Masharti ni machache: simulizi iwe ya kweli, iwe ya msimuliaji mwenyewe, isisomwe kwenye karatasi, na isizidi muda uliopangwa. Katika jioni zao za wazi, yeyote anaweza kutoa jina lake, majina yakapigiwa kura, na kila aliyepata nafasi akapewa dakika tano. Tangu mwaka 2009 simulizi hizo husikika pia redioni.

2. Tofauti ya huruma na kuelewana

Huruma ni jambo jema, lakini mtu anaweza kumhurumia mjane, akampelekea kilo mbili za sukari, na bado asijue kwa nini mjane huyo haonekani kwenye vikao. Kuelewana ni kujiweka katika nafasi ya mwenzako na kuliona jambo kama yeye anavyoliona. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Simulizi ya kweli haikulazi kwenye kitanda cha mwenzako, lakini inakuonyesha kunguni walipo.

Tuchukue mfano. Katika daftari la michango, jina la mama fulani lina neno moja mbele yake: "hajalipa". Wajumbe wanalisoma na kupita. Sasa tuseme mama huyo anasimulia jinsi anavyozunguka nyuma ya kanisa ili asikutane na mhazini, na jinsi siku moja alivyofika mlangoni na fedha mkononi, kisha akarudi kununua dawa ya mtoto. Daftari halijabadilika na mchango bado haujalipwa. Lakini wajumbe wakilifungua tena, hawatalisoma kama walivyolisoma jana.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, wakiwemo Greg Stephens na Uri Hasson, walipima ubongo wa mtu aliyekuwa akisimulia kisa cha maisha yake, kisha wakapima ubongo wa waliomsikiliza. Waligundua kwamba utendaji wa ubongo wa wasikilizaji ulifanana na ule wa msimuliaji. Wasikilizaji waliposimuliwa kwa lugha wasiyoijua, mfanano huo ulitoweka. Funzo kwetu ni dhahiri: mtu asimulie kwa lugha ambayo yeye na wasikilizaji wake wanaielewa vizuri, hata kama si Kiswahili sanifu.

3. Mafunzo kutoka Uganda na Afrika Kusini

Nchini Uganda, mapema mwaka 1987, Noerine Kaleeba alifiwa na mumewe kwa UKIMWI. Yeye na wenzake wachache waliokuwa na mzigo kama wake walikuwa wakikutana na kuelezana waliyokuwa wakipitia. Mwaka huohuo kikundi hicho kidogo kikazaa shirika la TASO, ambalo limewahudumia watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Wapo waliodai kwamba anatafuta umaarufu. Yeye aliendelea kuzunguka mashuleni na makanisani akieleza habari zake, hadi alipofariki Desemba mwaka huo. Ugonjwa ambao watu waliuzungumza kwa kunong'ona ukapata sura na sauti ya mtu waliyemjua. Tuone utaratibu wa mambo: kikundi kidogo cha kuaminiana kilitangulia, na uwanja wa hadhara ukaja baadaye.

Afrika Kusini inatufundisha upande wa pili. Tume ya Ukweli na Maridhiano, chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu, ilianza kusikiliza watu hadharani Aprili 1996 katika mji wa East London. Zaidi ya watu 21,000 walitoa maelezo ya mateso yao, na takribani 2,000 kati yao walisikilizwa hadharani, huku wakalimani wakitafsiri ili kila mtu aweze kusema kwa lugha yake. Taifa lilisikia mambo ambayo wengi walikuwa wameyakana. Lakini fidia ilichelewa: serikali ilitangaza malipo ya randi 30,000 kwa kila aliyetambuliwa mwaka 2003, na wengi waliona ni kidogo mno. Hivyo basi, mtu akifungua kidonda chake mbele yetu, tuwe tumekwisha kupanga ni nani atakayekuwa naye kesho yake.

4. Namna ya kuandaa

a) Chagueni mada moja. Anzeni na nyepesi, kama "Safari yangu ya kwanza mjini" au "Jirani aliyenisaidia". Mada nzito zisubiri hadi watu wazoeane.

b) Pateni wasimuliaji watano au sita, kila mmoja dakika tano hadi saba. Wawepo wazee na vijana, wanawake na wanaume, na majirani wa dini nyingine.

c) Mwezeshaji akae na kila msimuliaji siku chache kabla. Amsikilize na amwulize: Je, kuna mtu katika simulizi hii atakayeumia ikisikika? Je, kuna sehemu unayotaka kubaki nayo mwenyewe?

d) Kaeni duara. Pasiwe na meza kuu wala utambulisho mrefu wa viongozi. Mchungaji, mwenyekiti na wazee wa kanisa wakae katikati ya watu.

e) Wasikilizaji wasikatize, wasishauri na wasihoji. Simulizi ikiisha, watu wapige makofi na kukaa kimya kidogo kabla ya anayefuata. Simu zizimwe, na pasiwe na kurekodi wala kupiga picha.

f) Malizeni kwa chai. Mazungumzo mengi yenye faida hufanyika na kikombe mkononi. Mahali ambapo si salama kutembea usiku, hasa kwa akina mama, anzeni saa tisa alasiri.

5. Tahadhari

Watoto wasisimulie mambo ya kuumiza mbele ya hadhara. Mama anayepigwa nyumbani asihimizwe kusema hadharani huku akirudi kulala nyumba moja na anayempiga. Jambo la namna hiyo lipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia la polisi. Msimuliaji akilemewa, mwezeshaji akae naye, na mtu aliyeteuliwa mapema amtembelee kesho yake.

Tahadhari nyingine inawahusu wafadhili na sisi watendaji wa miradi. Taarifa yenye kisa cha mtu husomwa kuliko taarifa yenye tarakimu peke yake, na kwa hiyo kishawishi cha kukusanya visa vya huzuni kipo. Lakini mtu akijua kwamba maneno yake yatasafirishwa kwenda kuombea fedha, ataanza kusema yale yanayotakiwa. Hapo wasikilizaji wanabaki na huruma, na kuelewana hakupo tena. Simulizi si risiti ya fedha za mradi.

Yaliyosemwa jioni ile ni mali ya aliyeyasema. Kamati ikitaka kutumia kisa katika taarifa, imwendee mhusika siku nyingine, imsomee kilichoandikwa, na ikubali jibu lake. Msaada usitolewe kwa sababu mtu amesimulia, wala usizuiwe kwa sababu amekataa. Tunawaomba wafadhili watuunge mkono katika hili kwa kutodai visa na picha kama sharti la kuendelea kutoa.

Ili kujua kama jioni hizi zinasaidia, msihesabu waliolia. Angalieni kama wanakuja watu ambao kwa kawaida hawaji, kama wapo wanaojitolea kusimulia bila kuombwa, na kama watu wanatembeleana baada ya hapo.

6. Maswali ya kujadili

i. Katika eneo letu, ni watu gani tunaozungumza habari zao bila kuwahi kuwasikiliza wenyewe?
ii. Ni mada gani nyepesi tunayoweza kuanza nayo?
iii. Nani anaaminika kwa kutunza siri, ili awe mwezeshaji?
iv. Msimuliaji akifungua jambo zito, nani atamtembelea kesho yake?
v. Je, katika taarifa zetu zilizopita, wahusika wa visa tulivyoandika walisomewa kabla havijatumwa?

Tunawashauri mwanze na jioni moja, watu wasizidi thelathini, kisha kamati ikutane ndani ya wiki moja kutathmini kabla ya kupanga ya pili.