Ukisimama Kutoa Shukrani: ya Kufanya na ya Kutofanya

Usimshukuru Mungu kwa kuwa wewe si fulani. Hili ndilo kosa baya kuliko yote, maana huvaa vazi la ibada. Nilimsikia ndugu mmoja Jumapili, funguo za gari jipya mkononi, akimshukuru Mungu kwa kumtoa kwenye kubanana na watu ndani ya daladala. Zaidi ya nusu ya waliokuwa kwenye mabenchi walikuja kwa daladala. Walimpigia makofi, wakasema amina. Hiyo ni sala ya yule Farisayo wa Luka 18, aliyesimama hekaluni kumweleza Mungu jinsi alivyowazidi wenzake, na Yesu alisema wazi ni nani aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki. Shukuru kwa gari. Usishukuru kwa kuwa wengine hawana.

Usiseme umebarikiwa kwa sababu imani yako ni kubwa. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka katika kanisa la Kipentekoste huko Kasindi, mpakani mwa Kongo na Uganda, watu wakiwa kwenye ibada ya ubatizo. Tarehe 27 Julai 2025, huko Komanda mkoani Ituri, waasi wa ADF waliwavamia Wakatoliki waliokuwa kanisani kwenye mkesha, wakaua zaidi ya 30. Hawa ni watu wanaosali kwa Kiswahili kama sisi. Wale wa Komanda walikuwa wanakesha. Wewe usiku ule ulikuwa umelala. Basi niambie imani yao ilipungua wapi.

Usione haya kula. Njaa yako haimshibishi mtu yeyote wa Komanda. Paulo alipomwandikia Timotheo kuhusu matajiri hakuagiza wavitupe walivyo navyo. Aliagiza wasijivune, wala wasiweke tumaini katika mali, na wawe wepesi kugawa. Kula, shukuru, kisha inuka mezani ukafanye jambo.

Taja majina unapoomba. Kuwaombea “wote wanaoteseka duniani” ni uvivu. Sema Goma, sema Bukavu, sema Nyarugusu. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko Kasulu, mkoani Kigoma, tangu mwaka 1996; wapo waliozaliwa humo na leo ni wazazi. Hawaruhusiwi kutoka wapendavyo kwenda kutafuta kazi, na mgao wa chakula umepunguzwa zaidi ya mara moja. Humo humo kuna makanisa, kuna kwaya, kuna wazee wa kanisa wanaozika na kufungisha ndoa. Hao ni washirika wenzako, si habari ya redioni.

Usingoje ziada. Waumini wa Antiokia waliposikia njaa inakuja, kila mmoja alitoa kwa kadiri alivyoweza, wakawatuma Barnaba na Sauli kupeleka Uyahudi. Makanisa ya Makedonia yalikuwa katika umaskini mkubwa, na bado yaliomba yenyewe yapewe nafasi ya kuchangia.

Peleka kwa mkono unaotoa hesabu. Mchango wa kupelekwa Yerusalemu Paulo hakutaka kuushika peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili, ili mtu asipate la kumshutumu. Ikiwa mtume alijifunga hivyo, sembuse kamati yenu. Pitieni dayosisi, Caritas, au idara ya kanisa lenu inayohudumia wakimbizi, na mdai risiti. Msipakie lori na kuondoka tu: kambini huingii bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani.

Usitoe kilichokushinda kuvaa. Shati lisilo na vifungo halina shukrani ndani yake.

Usipige picha ya mtu anayepokea.

Uliza kabla ya kununua. Muulize mchungaji au katekista anayeishi nao wanahitaji nini. Akisema sabuni na taulo za kike, nunua sabuni na taulo za kike, hata kama kamati ilishapenda Biblia zenye jalada la ngozi.

Anza na aliye karibu. Makanisa mengi ya Kigoma, Dar es Salaam na Nairobi yana Mkongomani au Mrundi anayekaa benchi la nyuma na kuondoka mapema. Mfuate nje ibada ikiisha. Mwulize jamaa zake wako wapi, yaandike majina yao, na Jumapili ijayo uwaulizie tena.