Inekwasioni za Valeri Absoli: Wapi "Na", Wapi "Ao"

Mu makaye tunaona mara nyingi mustari huu: −0,5 > x − 25 > 0,5. Tuusome polepole. Unasema kwamba −0,5 inapita 0,5! Hata ku soko hakuna mutu wa kukubali hesabu ya namna ile.

Valeri absoli ni urefu wa njia tu. Toka Likasi mpaka Kolwezi ni karibu kilometa 180. Kurudi ni 180 ile ile, hakuna kilometa za kutoa. Basi |x − 25| ni njia toka x mpaka 25, hata x iwe kuume ao kushoto.

Tutwae shaba yetu. Ku soko la metali la London, LME, loti moja ya shaba ni tani 25, na wanaachilia 2% juu ao chini. 2% ya 25 ni 0,5. Loti inakubaliwa kama:

|x − 25| ≤ 0,5

Maana x isiende mbali na 25 kupita 0,5. Tunaandika −0,5 ≤ x − 25 ≤ 0,5, tunaongeza 25 pande zote tatu: 24,5 ≤ x ≤ 25,5. Iko fasi moja, katikati, na neno lake ni "na".

Loti inayokataliwa ni |x − 25| > 0,5. Sasa fasi ziko mbili: x < 24,5 ao x > 25,5. Loti moja haiwezi kuwa nyepesi na nzito pamoja, njo maana hatuziunganishe mu mustari mumoja.

Lakini muangalie: valeri absoli haioni upande. Tuseme mzani wa gunia za kilo 50 unaruhusiwa kukosea kilo 1: |x − 50| ≤ 1. Kama kila gunia la muchimbaji linasomwa 49, inekwasioni haina neno. Kwa gunia 100 yeye amekwisha kupoteza kilo 100, gunia mbili nzima! Mwenye kutaka kujua nani anapoteza, aondoe vifimbo viwili na kutazama alama ya x − 50 yenyewe.

Tena mtego wa egzameni: |x − 7| < −2. Wengine wanaanza mbio kukata. Mungojee kwanza! Njia haiwezi kuwa chini ya zero, hakuna jibu. Na |x − 7| > −2? Kila namba inafaa.

Kazi: |2x − 6| ≥ 4. Jibu ni x ≤ 1 ao x ≥ 5. Aliyepata 1 ≤ x ≤ 5 ajaribu kutia x = 3.