Ekseli na Springi za Gari la Kujiundia: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Utangulizi

Katika gereji nyingi za Arusha, Moshi na Dar es Salaam, magari ya kupita njia mbovu huundwa upya mara kwa mara. Mtu hununua chasisi ya Land Rover au Toyota Land Cruiser ya zamani, hutafuta ekseli kwa wauza vipuri vilivyotumika, humlipa fundi, na baada ya miezi kadhaa huwa na gari lake la shambani au la kubebea wageni porini. Kazi hiyo si ya kubezwa. Mafundi wetu wengi ni hodari, na gari lililoundwa vizuri humtumikia mwenyewe kwa miaka mingi.

Hata hivyo, kosa katika ekseli au springi halifanani na kosa katika rangi au viti. Rangi ikibanduka, mwenye gari huona haya. Ekseli ikivunjika mteremkoni, watu hupoteza maisha. Somo hili linamweleza mlaji namna ya kuchagua viungo hivyo kwa kuanzia na uzito utakaobebwa, wala si kwa urefu wa gari unaopendeza macho.

1. Anza kwa mizani

Fundi wengi huanza kwa kuuliza, "Unataka gari liinuke kiasi gani?" Tunamshauri mlaji alirudishe swali hilo nyuma. Swali la kwanza ni hili: gari litabeba kilo ngapi, na kilo hizo zitakaa juu ya ekseli ipi?

Kama gari linatembea, lipeleke kwenye mizani ya magari. Pima magurudumu ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Kisha ongeza mzigo unaotarajiwa. Lita 90 za dizeli zina uzito wa takriban kilo 75. Lita 60 za maji ni kilo 60. Abiria wanane wenye wastani wa kilo 70 ni kilo 560. Usisahau tairi la akiba, boksi la zana na bodi yenyewe, hasa ikiwa ni ya chuma kizito.

Tuchukue mfano. Ekseli ya nyuma ikipimwa gari likiwa limejaa, mizani inasoma kilo 1,650. Katika hizo, kilo 250 ni za ekseli yenyewe na magurudumu yake, ambazo hazikai juu ya springi. Zinabaki kilo 1,400, yaani kilo 700 kwa kila springi. Springi inayobonyea milimita moja kwa kila kilo 7 itashuka milimita 100. Ukipakua kilo 420 za mzigo wa nyuma, kila springi itapunguziwa kilo 210 na gari litapanda milimita 30. Hali hiyo inavumilika.

Ukifunga springi laini zaidi, zinazobonyea milimita moja kwa kila kilo 3.5, gari lililojaa litashuka milimita 200 na huenda ekseli ikagonga chasisi kwenye kila shimo. Ukifunga ngumu mara mbili, za kilo 14 kwa milimita, gari tupu litarukaruka kwenye mawimbi ya barabara ya changarawe, matairi yatapoteza mshiko, na chasisi itaanza kupata nyufa. Springi ngumu kupita kiasi si springi imara. Ni springi isiyolingana na kazi yake.

2. Springi za bapa au za koili?

Springi za bapa ni zile za vipande vya chuma vilivyopangwa juu kwa juu. Hizi hufanya kazi mbili: hubeba uzito na hushikilia ekseli mahali pake. Ndiyo maana muundo wake ni rahisi, huvumilia mzigo mzito, na kipande kikivunjika safarini hupatikana kingine hata katika mji mdogo. Kasoro yake ni kwamba vipande husuguana, hivyo gari tupu huwa gumu.

Springi za koili hubeba uzito tu. Ekseli inahitaji mikono ya kuizuia isiende mbele wala nyuma, na chuma kingine cha kuizuia isihame upande. Faida yake ni ulaini na uwezo wa gurudumu kushuka shimoni bila kuliinua jingine.

Watengenezaji wenyewe wamechagua kulingana na kazi. Land Rover iliachana na springi za bapa katika modeli ya 110 iliyotoka mwaka 1983. Toyota, kwa upande wake, ilipoweka koili mbele katika Land Cruiser za kazi za familia ya 70 mwaka 1999, iliacha bapa nyuma, mahali panapokaa mzigo.

Ushauri wetu ni huu: ikiwa chasisi yako ilitoka kiwandani na springi za bapa, na gari ni la mizigo, zibakize, ila ziwe nzima na za uzito unaofaa. Kubadili kwenda koili kunadai vishikio vipya kulehemewa kwenye chasisi na kwenye ekseli. Kila kishikio kilicholehemewa vibaya au mahali pasipofaa ni mahali ambapo ekseli inaweza kung'oka. Mlaji anayetaka koili ni nafuu kwake kutafuta chasisi na ekseli zilizoundwa pamoja kiwandani.

3. Swali linaloamua usalama: nani anabeba uzito?

Ndani ya ekseli ya nyuma kuna shafti mbili zinazopeleka nguvu kutoka kwenye difu hadi magurudumuni. Kuna aina mbili za ekseli, na tofauti yake haionekani ukitazama kwa haraka.

Katika aina ya kwanza, uzito wa gari hubebwa na beringi zilizokaa juu ya bomba la ekseli. Shafti hufanya kazi moja tu, kuzungusha gurudumu. Ikikatika, gari hukosa nguvu upande huo lakini gurudumu hubaki mahali pake. Aina hii hutambulika kwa habu inayojitokeza katikati ya ringi, ikiwa na duara la bolti au nati ndogo zinazoshika kichwa cha shafti.

Katika aina ya pili, shafti yenyewe hubeba uzito na kuzungusha gurudumu. Katikati ya ringi huwa bapa, bila habu ndefu inayojitokeza. Shafti hiyo ikikatika karibu na gurudumu, gurudumu linaweza kutoka pamoja na kipande cha shafti.

Aina ya pili si mbovu. Hutumika katika magari mengi mepesi na hufanya kazi salama kwa uzito iliyokusudiwa. Hatari huanza pale ekseli ya gari dogo inapofungwa chini ya bodi ndefu ya kubebea watu. Fikiria gari lililopakia magunia ya viazi na wavunaji sita, likishuka kutoka Lushoto kuelekea Mombo. Dereva hatapata nafasi ya kurekebisha uamuzi uliofanywa gereji ili kuokoa fedha. Kwa gari la kubeba abiria au mizigo mizito, tunasisitiza aina ya kwanza.

4. Ekseli mbili lazima zikubaliane

Kosa la gharama kubwa ni kununua ekseli ya mbele kwa muuzaji mmoja na ya nyuma kwa mwingine bila kulinganisha. Kagua mambo manne.

Uwiano wa difu. Ekseli ikiwa chini, weka alama kwenye flanji inapofungwa propela shafti. Zungushwa magurudumu yote mawili kwa pamoja mizunguko kumi, huku mtu akihesabu mizunguko ya flanji. Ikizunguka takriban mara 41, uwiano ni 4.1. Fanya hivyo kwa ekseli zote mbili. Land Rover za zamani za springi za bapa kwa kawaida zina uwiano wa 4.7, na nyingi zilizofuata za koili zina 3.54, muuzaji anaweza kuziita zote "ekseli ya Land Rover". Zikichanganywa, mbele na nyuma hushindana mara tu unapofunga magurudumu manne, na gia au shafti huvunjika.

Upande wa difu. Difu ya mbele ikae upande uleule inakotokea propela shafti ya gia boksi.

Breki na nati za magurudumu. Idadi na nafasi ya nati zilingane ili tairi moja la akiba lifae kote. Breki zitoshe uzito mpya.

Hali ya chuma. Fungua nati ya kumwagia oili. Ungaunga laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vya chuma ni dalili ya difu iliyokula meno. Tazama nyufa mahali springi inapokaa.

5. Kuinua gari kuna bei yake

Gari lenye upana wa milimita 1,500 kati ya tairi na tairi, na kitovu cha uzito kilicho milimita 750 juu ya ardhi, kwa hesabu ya gari lililosimama hupinduka kwenye mwinamo wa nyuzi 45. Kitovu kikipanda milimita 100, hupinduka kwenye nyuzi 41. Likiwa kwenye mwendo na kona, hupinduka mapema zaidi.

Tairi kubwa nazo zina athari. Ukitoka inchi 31 kwenda 35, mita ikisoma kilomita 80 kwa saa, mwendo halisi ni kama 90. Vilevile shafti na breki hufanya kazi kubwa zaidi. Inua kwa kiasi kinachohitajika tu, na hakikisha mipira ya breki ni mirefu ya kutosha ekseli inaposhuka hadi mwisho.

6. Kabla ya kulipa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini madai yasiyo na maandishi ni magumu kuthibitisha. Kwa hiyo:

• Dai risiti inayotaja aina ya ekseli, uwiano wa difu na hali ya kifaa.
• Andikiana na fundi uzito wa juu ambao gari litabeba, na muda wa dhamana ya kazi yake.
• Bolti zinazobana springi kwenye ekseli ziwe mpya, na zikazwe tena baada ya kilomita mia chache za mwanzo.
• Uliza mamlaka ya usajili na kampuni ya bima kuhusu mabadiliko kabla ya kuyafanya, si baada ya ajali.
• Tunza picha za kila hatua ya ulehemu kabla ya kupakwa rangi.

Maswali ya kujipima

1. Gari lako likijaa, ekseli ya nyuma inabeba kilo ngapi?
2. Shafti ya nyuma ikikatika, je, gurudumu litabaki?
3. Uwiano wa difu ya mbele na ya nyuma umehesabiwa na nani, na umeandikwa wapi?

Mlaji asiyeweza kujibu swali mojawapo kati ya haya bado hajafika wakati wa kulipa. Arudi gereji, aulize, na apimiwe mbele ya macho yake.