Fanani na Hadhira Yake: Uchunguzi wa Hamu ya Ucheshi wa Kale Nchini Uingereza

Utangulizi

Katika fasihi simulizi, utendaji haukamiliki pasi na hadhira. Kauli hii aghalabu huhusishwa na ngano na ngoma. Makala haya yanaitumia kuchunguza hamu waliyo nayo Waingereza wengi kwa wachekeshaji wao wa kale. Yanashikilia kwamba kinachotamaniwa si mzaha wenyewe tu, bali pia hadhira iliyocheka pamoja.

Fanani

Mfano mwafaka ni Tommy Cooper (1921–1984), mzaliwa wa Caerphilly, Wales. Akiwa amevaa tarbushi nyekundu, vazi aliloanza kulitumia alipokuwa mwanajeshi nchini Misri, Cooper alifanya mazingaombwe yaliyoharibika mbele ya watu. Hata hivyo, alikuwa stadi wa kiinimacho. Baada ya makosa kadhaa, jaribio moja lilifaulu ghafla na hadhira ikapigwa na butwaa. Ucheshi wake ulijengwa juu ya kinaya: ilihitaji umahiri mkubwa kukosea vizuri namna hiyo.

Hadhira

Wachekeshaji wa kizazi hicho walirithi mbinu za kumbi za burudani za karne ya 19, ambamo fanani alisemezana na watu ana kwa ana. Televisheni iliupanua ukumbi huo. Kuanzia 1964 hadi 1982, Uingereza ilikuwa na idhaa tatu tu. Hivyo familia nyingi zilitazama kipindi kimoja usiku mmoja. Inakadiriwa kwamba kipindi cha Krismasi cha Eric Morecambe na Ernie Wise cha 1977 kilitazamwa na watu zaidi ya milioni 20. Idhaa zilipoongezeka, hadhira ilitawanyika.

Mnamo tarehe 15 Aprili 1984, Cooper alianguka jukwaani katika ukumbi wa Her Majesty's, London, kipindi kikipeperushwa moja kwa moja. Watu waliendelea kucheka wakidhani ni mchezo, kumbe alikuwa akikata roho. Fanani aliyewazoesha watu kucheka kila alipokosea hakuwa na njia ya kuwajulisha kwamba mara hii haigizi.

Waliochekwa

Hata hivyo, hamu ya kale huchagua cha kukumbuka. Kuanzia 1958 hadi 1978, BBC ilionyesha The Black and White Minstrel Show, ambamo wazungu walijipaka rangi nyeusi wakiiga watu weusi. Mnamo 1967 ombi la kutaka kipindi hicho kiondolewe liliwasilishwa kwa BBC, lakini kiliendelea kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa waliochekwa, kicheko hicho hakikuwa cha pamoja.

Hitimisho

Imebainika kuwa hamu ya ucheshi wa kale ni hamu ya jamii iliyoketi pamoja. Hamu hiyo haistahili kubezwa. Cooper angali anachekesha bila kumdhalilisha yeyote isipokuwa nafsi yake. Hata hivyo, mhakiki hana budi kuuliza maswali mawili kabla ya kuusifu ucheshi wowote: ni nani aliyecheka, na ni nani aliyechekwa?