Shirika Hujiandaaje kwa Siku ya Dhiki?



Katika wilaya ya Tarime, mkoani Mara, kiko kijiji kiitwacho Kerende. Kijiji hicho, pamoja na jirani zake Kewanja, Nyangoto, Genkuru na Nyamwaga, kimepakana na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Somo letu lahusu namna shirika linavyojiandaa kwa siku ya dhiki, nami sioni mahali pafundishapo jambo hili wazi zaidi.

Wakuu wengi wakiulizwa juu ya maandalizi huonyesha walinzi, ua, gari la zimamoto na namba ya simu ya polisi. Vitu hivi vyatakiwa, hapana ubishi. Lakini tarehe 16 Mei 2011 mamia ya watu waliingia mgodini kutafuta mawe yenye dhahabu. Polisi wakafyatua risasi, na watu watano wakafa. Walinzi walikuwapo, na polisi walikuwapo. Kilichopungua, kwa maoni yangu, ni mlango wa kupelekea malalamiko ambao mwanakijiji angeuamini. Madai ya baadhi ya wanakijiji yalifika hata mahakama ya London mwaka 2013, yakamalizwa kwa mapatano mwaka 2015. Tazama umbali huo: kutoka Tarime hadi London kumtafuta msikilizaji!

Mwezi mmoja baada ya vifo hivyo, Juni 2011, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kanuni juu ya biashara na haki za binadamu. Zataka utaratibu wa malalamiko uwe karibu na watu, uwe wazi, na kampuni yenyewe ijifunze kutokana nao. Sharti hili la mwisho husahauliwa mno. Malalamiko kumi juu ya maji yaliyobadilika, yakitoka kitongoji kimoja, ni habari ya uvujaji kabla fundi hajauona.

Na maji ndiyo yaliyoleta dhiki nyingine. Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodini hadi mto Tigithe, ambao humwaga maji yake katika mto Mara. Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya uvujaji wa bwawa la topesumu. Kisha Machi 2022 maji ya mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya serikali ilisema kwamba sababu ni kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza. Watu wengi hawakusadiki. Hapa, ndugu msomaji, tusipite haraka. Aliyekwisha kupoteza imani ya jirani zake hushukiwa hata pale ambapo uchunguzi haumtaji. Imani nayo ni akiba, na haichumwi siku ya msiba. Nabii Yusuf a.s. aliagiza nafaka iachwe katika mashuke yake wakati wa neema, miaka saba kabla ya njaa.

Basi akiba hiyo huwekwaje? Maji yapimwe kila mwezi mbele ya wanakijiji, chupa moja ikabaki kwao. Wakuria wana baraza lao la jadi liitwalo ritongo. Meneja asiyewahi kuketi na wazee pale asitarajie kusikilizwa siku atakapokuja na habari mbaya. Tena iandikwe mapema ni nani awezaye kufunga pampu usiku wa manane bila kungoja ruhusa ya makao makuu ng'ambo, na nani atanena na watu kwa lugha yao. Shule na jumuiya zetu zafanya kosa hilohilo: ufunguo mmoja, mtu mmoja, naye yuko safarini.

Mwisho, mambo haya yajaribiwe. Chagua usiku mmoja mkuu akiwa likizo, tangaza kwamba bwawa linavuja, kisha hesabu dakika zitakazopita kabla mama wa Kerende hajaambiwa asichote maji mtoni. Iandike hesabu hiyo, hata ikiwa ya aibu, ukairudie zoezi baada ya miezi mitatu.