SOMO: KITI KITUPU HAKIWEKWI GHALANI



Tunapojadiliana na mwajiri, neno tunalolisikia mara nyingi ni "hasara". Leo tujifunze hasara hutoka wapi, kwa kuangalia shirika la ndege la huduma kamili, yaani lile linalobeba mizigo ya msafiri, linalompa chakula na kumuunganisha na safari nyingine kwa tiketi moja. Hapa Kigali tunalo RwandAir, lililoanza mwaka 2002 kwa jina la RwandAir Express.

Kwanza, gharama. Deni au kodi ya ndege, matengenezo, ada za uwanja, mishahara na sehemu kubwa ya mafuta hulipwa hata kama abiria ni kumi tu. Chai iliyokaushwa isiponunuliwa wiki hii husubiri ghalani. Lakini ndege ikisharuka, kiti kitupu kimepotea.

Pili, mapato. Ndiyo maana abiria wawili walioketi pamoja huwa wamelipa nauli tofauti. Aliyenunua mapema amepunguziwa. Mfanyabiashara anayetaka kuondoka kesho hulipa zaidi. Nchi yetu ni ndogo, hivyo shirika hukusanya pia wasafiri wa nchi nyingine na kuwapitisha Kigali. Tumboni mwa ndege husafiri maua na mboga za mashamba yetu. Nalo ni pato.

Tatu, mfano wa jirani. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, mali ya Kenya, Uganda na Tanzania, lilivunjika mwaka 1977, na Kenya Airways ikazaliwa. Baadaye Kenya Airways ilichukua mikopo mikubwa kununua ndege mpya, ikapata hasara mwaka baada ya mwaka. Korona ilipofika mwaka 2020, kampuni ilisimamisha mchango wake katika akiba ya uzeeni. Novemba 2022 marubani waligoma wakiidai. Mahakama ikawaamuru warudi kazini. Hasara ilikuwa ya kweli, lakini mikopo ile haikuamuliwa na rubani wala fundi.

Basi, mshahara ni mstari mmoja tu wa hesabu. Mwajiri akitaja hasara, tuombe kuona mistari yote.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kazini kwako, gharama zipi hulipwa hata mashine zikisimama?
2. Bidhaa yenu ikikosa soko, husubiri au huharibika?
3. Nani huamua mikopo, na nani huambiwa afunge mkanda?